Thelathini na Mbili Juni

Kwa miezi mitatu mfululizo, kilichomfanya Nukta atembee kichwa juu ndani ya jengo la vizazi na vifo kilikuwa ni sifuri moja.

Mkuu wa kitengo aliichapa kwa herufi nono na kuibandika kwenye mlango wa ukumbi: REKODI 214,306. MAKOSA 0. Aliyekwenda chooni aliisoma, na aliporudi aliisoma tena. Nukta ndiye aliyeandika programu iliyohamisha vizazi vyote kutoka kwenye madaftari ya zamani kwenda kwenye kompyuta. Alikuwa na jina lake la kwenye vyeti, lakini ofisini hakuna aliyelitumia tangu alipomaliza siku mbili akitafuta nukta moja iliyokosekana kwenye mstari mmoja wa programu, akaipata, kisha akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Mkutanoni neno lilimfika kooni, likageuza, likarudi lilikotoka. Kompyuta alizipenda kwa sababu hazikumkatiza.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Vibarua wanane walikaa ukumbini, kila mmoja na daftari lake, wakinakili jina, jinsia, siku, mwezi, mwaka na mahali. Amri waliyopewa ilikuwa moja: andika unachokiona, usifikiri. Halafu programu ya Nukta ikausoma kila mstari. Kazi ya kuzitambua tarehe hakuifanya kwa mkono wake; alitumia zana iliyomo kwenye maktaba ya msingi, ile akiba ya zana inayokuja pamoja na lugha ya programu, kama cherehani mpya inavyokuja na sindano zake. Unaipa maandishi, inakurudishia tarehe. Nukta aliiagiza programu kwamba tarehe yoyote ikikataliwa iwekwe kando, aiangalie kwa macho yake.

Haikuwekwa kando hata moja. Tarehe laki mbili na ushee, za mikono ya makarani kumi, nyingine zimelowana, nyingine zimeliwa na mende, na zote zikapita bila kinyongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema waliotutangulia, ila siku ile kulikuwa na soda na makofi, na Nukta hakuwakumbuka waliotutangulia. Kwa kuwa makosa yalikuwa sifuri, mkuu aliagiza yale maandishi ya vibarua yafutwe kupisha nafasi. Madaftari yenyewe yakafungwa kamba na kupangwa ukutani kwenye korido, yakisubiri lori la kiwanda cha karatasi.

Lori lilikuwa lije Ijumaa. Mama yule alikuja Jumatano.

Karani wa dirisha namba tatu alikuwa likizo ya uzazi, na Nukta alikuwa akimshikia zamu za asubuhi. Alikalia mto wa kiti wenye vipande vya rangi sita, zawadi ya mteja. Alipoinua macho na kuona mkoba wa kahawia umewekwa juu ya meza ya dirisha, akajua ni nani. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Utanichoka."

"Hapana, mama. Karibu."

Mama mwenyewe alikuwa wa makamo, mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Habari yake Nukta aliijua kwa moyo. Miaka ishirini na saba iliyopita, mwezi wa Juni, akiwa na miaka kumi na tisa, alimwacha mtoto wa kike mlangoni pa kituo cha wakunga, kabla watu hawajaamka. Alimfunika kwa shuka la bluu. Pindo la shuka alilishona mwenyewe kwa uzi wa njano, kwa sababu wa bluu ulikuwa umeisha. Siku ya kuzaliwa? Hapo kila mara alitikisa kichwa. "Siku ninayo. Hiyo nitampa mwenyewe, sina kingine cha kumpa."

Nukta akachapa tena: mwaka ule, Juni, kituo kile, msichana, wazazi hawajulikani. Skrini ikamjibu vilevile. Hakuna.

Mara ya kwanza, mwezi wa pili, alikuwa amemwambia labda mtoto hakuandikishwa. Mara ya pili, alipoona midomo ya mama ikitetemeka, huruma ikamshika akaongeza kwamba huenda alichukuliwa na watu wema wa mbali. Maneno hayo aliyatoa hewani tu, kama mtu anavyompulizia mtoto kidonda.

"Hakuna, mama," akasema. "Mfumo una kila aliyeandikwa."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

Kidole cha mama kikafuata ufa wa meza. "Nikuulize, na wewe usinifiche. Nilipoondoka pale alikuwa analia. Nilikwenda nasikia analia mpaka kona. Baada ya kona sikusikia tena. Mimi siku zote nikasema ni kwa sababu nimefika mbali." Akakaza kilemba. "Mtoto akikosekana kwenye vitabu vyote, maana yake hakufika asubuhi. Au ninakosea?"

Nukta akarudisha macho kwenye lile neno la skrini: Hakuna.

"Basi," mama akasema, akaushika mkoba. "Angalau sasa nitajua pa kuanzia kumwombea. Mungu akubariki, binti, umenivumilia sana." Akaondoka taratibu, akimwomba radhi kila aliyempita kwenye foleni.

Nyuma ya Nukta alisimama Bwana Wino na fundo la kamba begani. Huyu alikuwa mtunza madaftari, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, vidole vyake vyeusi tangu enzi za kalamu za kuchovya. Siku hizi kazi yake ilikuwa kuyafunga kamba yale aliyoyatunza miaka thelathini na nne.

"Yule mama umemfanya nini? Amepita pale kama anatoka msibani."

"Anatafuta mtoto aliyemwacha. Juni hakuna."

"Wa kuokotwa?" Bwana Wino akauliza. "Umetafuta kwenye thelathini na mbili?"

Nukta alidhani ni mzaha. Mzee alikuwa na mizaha mingi, na mingi haikuchekesha. "Thelathini na mbili ya nini?"

"Tarehe thelathini na mbili."

"Mzee, hakuna tarehe thelathini na mbili."

"Ndiyo maana tuliichagua." Akatua kamba mezani. "Sikiliza. Mtoto ameokotwa. Mkunga anamwangalia kitovu, anakwambia huyu ni wa mwezi huu. Siku haijui. Na fomu haitaki nafasi tupu, mkaguzi anakurudishia. Ukiandika moja, umedanganya. Ukiandika kumi na tano, umedanganya. Basi aliyenifundisha kazi aliniambia, na yeye aliambiwa: andika thelathini na mbili. Karani yeyote akiiona anajua, huyu siku yake haijulikani na asibuniwe. Mama akija baada ya miaka, unafungua mwezi wake, unashuka na kidole kwenye thelathini na mbili. Wangapi nimewapata hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Mlikuja na waya zenu mkasema mzee kaa kule, usituletee vumbi." Alisema bila hasira, na hilo lilimchoma Nukta kuliko hasira.

Akageukia kompyuta. Akaiita ile zana ya maktaba peke yake, bila kitu kingine, akaipa: 32 Juni.

Ikamjibu: 2 Julai.

Haikugoma wala haikuuliza. Juni ina siku thelathini, kwa hiyo iliichukua ile ziada ya mbili na kuisogeza mwezi wa mbele, kwa adabu zote, kama mhudumu wa duka asiyetaka kumuudhi mteja. Akaipa 32 Januari, ikamjibu 1 Februari. Akaipa 45 Juni kwa makusudi, ikamjibu 15 Julai.

"Inasemaje?" Bwana Wino akauliza, akichungulia.

"Inakubali kila kitu."

"Kama mchumba mwenye shida," mzee akasema, kisha akauona uso wa Nukta, akaacha mzaha.

Maelezo ya ile zana alikuwa ameyasoma zamani, juu juu. Sasa akayasoma mpaka mwisho. Kwenye aya ya mwishomwisho palikuwa na sentensi moja: isipoagizwa vinginevyo, zana huwa pole, na siku inayozidi mwezi husogezwa mbele. Anayetaka iwe kali aseme. Nukta hakusema. Akahesabu vizazi vyote kwa siku za mwezi. Tarehe moja na mbili za miezi, na tatu na nne za Machi, zilikuwa zimevimba kama jipu. Mamia ya watu wamepewa siku ambayo si yao, katikati ya wengine waliozaliwa siku hizo kweli. Kwenye kompyuta hapakuwa na namna ya kuwatenganisha. Karatasi peke yake ndiyo iliyojua, na karatasi ilikuwa imefungwa kamba.

Akatafuta upya. Mwaka uleule, kituo kilekile, msichana, wazazi hawajulikani. Tarehe 2 Julai.

Akatokea mmoja. Pembeni mfumo ulionyesha kwamba cheti chake kilichapishwa Aprili, na aliyekichapisha ni Nukta mwenyewe.

Alimkumbuka kabla ya kumaliza kulisoma jina. Alikuwa fundi cherehani mmoja mchangamfu, mwenye kucheka na pini mdomoni, aliyekulia kwenye nyumba ya watoto yatima. Karatasi zake zote za zamani zilikuwa na mwaka peke yake. Alipopewa cheti alikisoma mara tatu palepale dirishani, akasema, "Kumbe nina siku. Jamani, kumbe na mimi nina siku." Wiki iliyofuata alileta mto wa kiti wenye vipande vya rangi sita, na mwaliko wa mdomo: Julai pili atakata keki kwa mara ya kwanza maishani, asipomwona Nukta atamfuata.

Nukta akainuka kwenye ule mto.

Waliyavuta madaftari rundo kwa rundo, yeye na Bwana Wino, mpaka daftari la mwaka ule likapatikana, chini kabisa kama kawaida ya kitu kinachotafutwa. Mzee akakata kamba aliyoifunga asubuhi ileile. Akafungua Juni, akashusha kidole cheusi, kikasimama.

*32 Juni. Msichana. Ameletwa ndani na mkunga wa zamu saa kumi na mbili asubuhi, analia, ana afya. Shuka la bluu, pindo limeshonwa kwa mkono, uzi wa njano.*

"Alifika asubuhi," Nukta akasema.

Akaenda mbio mpaka nje, lakini mama alikuwa ameshapotea barabarani. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la maulizo. Bwana Wino akamshika kiwiko.

"Polepole. Mama haambiwi kitu mpaka mtoto aulizwe. Hiyo ndiyo taratibu, na ina sababu zake. Mtoto ana haki ya kusema hapana. Ukimpa mama tumaini, kisha mtoto akakataa, utakuwa umemuua mara mbili."

"Na nikimwacha amwombee kama marehemu?"

Nukta, ambaye hata kuagiza chai kwa simu kulimtoa jasho, akapiga. Mama alipoitikia, akasema kwa pumzi moja, "Mama, ni mimi wa dirisha namba tatu. Usimwombee kwanza. Nilikosea mimi. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo." Akakata kabla hajasikia sauti ya upande wa pili.

Alasiri aliwaandikia watunzaji wa ile maktaba ya lugha ya programu, watu asiowajua, wa kila pembe ya dunia. Aliwaeleza kwa heshima kwamba zana yao inapokea siku zisizokuwepo bila kusema neno. Jibu lilikuwa limefika alipofungua kompyuta kesho yake: *Asante kwa taarifa. Hii si hitilafu. Ndivyo ilivyokusudiwa. Kuibadilisha kutavunja programu za wengine.* Chini yake wakaandika: *Hoja imefungwa.*

Aliingia kwa mkuu wa kitengo Alhamisi hiyo na karatasi mbili mkononi, nakala ya ukurasa wa daftari na nakala ya cheti. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuipeleka ile sifuri juu, na juu nako wakaipeleka juu zaidi.

"Siku mbili," akasema baada ya kusikiliza. "Juni thelathini na ngapi sijui, Julai pili. Tofauti ni siku mbili. Nani amekufa, Nukta?"

"Hakuna aliyekufa. Ndiyo shida yenyewe. Kuna mama alidhani—"

"Na hao wengine, kuna hata mmoja amelalamika?"

"Hawawezi kulalamika, mkuu. Hawajui."

"Basi wamefurahi. Wewe unataka nimwite mtu mzima, nimwambie rudisha siku yako ya kuzaliwa? Huruma yako iko wapi? Mimi nilidhani wewe ndiye mwenye huruma humu ndani."

Neno likamfika kooni, likageuza. Akatoka.

Ijumaa lori lilikuja mapema. Wapakizi wawili waliingia koridoni wamevaa glavu, wakamkuta msichana amekaa juu ya rundo la kwanza. Kifuani amebana karatasi iliyoandikwa kwa mkono: YASICHUKULIWE. Chini alikuwa ameweka sahihi, na jina lake lote la kwenye vyeti, ambalo nusu ya ofisi hawakuwahi kulisikia.

"Dada, tupishe."

Nukta akatikisa kichwa.

"Dada, sisi tumetumwa tu. Una barua ya mkubwa?"

Akatikisa tena. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. Angepewa nafasi ya kuwa daftari angeichukua.

"Huyo msimsumbue," Bwana Wino akasema kutoka mlangoni. "Ana kilo hamsini na mbili. Mkimpakia naye kiwanda kitawalipa zaidi."

Wapakizi wakacheka, wakaketi kwenye ngazi kusubiri. Mkuu alipofika aliitazama korido, akamtazama Nukta, akaisoma karatasi.

"Wiki mbili," akasema hatimaye. "Nenda ukurasa kwa ukurasa, wewe na huyo mzee wako. Na barua ya kusema kilichotokea utaiandika wewe, kwa jina hilo hilo uliloliandika hapo. Mimi sitaitia sahihi." Akapita kwenda ofisini kwake. Njiani, bila kugeuka, akaibandua ile sifuri mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kibanda cha fundi kilikuwa kwenye mtaa wa maduka ya nguo. Nukta hakuhitaji kuulizia. Kibao kilikuwa kipya, rangi bado inang'aa: MBILI JULAI – USHONAJI WA KILA AINA. Akasimama ng'ambo ya barabara kwa dakika kadhaa, akijiambia kwamba labda fundi hayupo.

"Nakuona!" fundi akaita kutoka ndani. "Unajificha kwenye nguzo nyembamba kuliko wewe. Njoo, mgeni wangu wa keki."

Ndani palinukia chaki na kitambaa kipya. Fundi alikuwa akikata suruali kwa mkono wa kushoto, mkasi umeugeukia vibaya, anausukuma tu. "Mikasi yote duniani imetengenezwa na watu wa kulia," akasema. "Kaa. Mto unakutosha? Au umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kukwambia kitu kibaya."

Alikuwa amepanga maneno laini ya kutangulia njia nzima. Hakuyatumia. Alisema moja kwa moja: kwamba siku iliyo kwenye cheti si yake, kwamba karani aliandika alama ya kutojulikana, kwamba mashine ikaifanya tarehe, kwamba programu aliiandika yeye na cheti akakichapisha yeye. Fundi alisikiliza na pini tatu mdomoni. Alipomaliza, fundi akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake.

"Kwa hiyo sina."

"Karani aliacha nafasi. Hakutaka kukubunia."

"Lakini wewe ukanibunia."

"Ndiyo."

"Ukakaa pale dirishani ukanitazama ninalia kwa furaha."

"Sikujua. Lakini ndiyo."

Fundi akachukua chaki, akachora mstari juu ya kitambaa, akaufuta kwa kiganja. "Nimeandika hadi kibao. Yule mchoraji amenilia rangi makopo mawili." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Ungeniacha nilivyokuwa. Nilikuwa nimezoea."

"Kuna jambo la pili," Nukta akasema. "Hili unaweza kulikataa, na ukilikataa hakuna atakayejua ulipo. Kuna mtu anakutafuta. Ndiye aliyekuacha pale kituo cha wakunga. Siku anaijua."

Cherehani ya jirani ilinguruma, ikanyamaza. Fundi alikuwa amegeuka ukutani, anapanga rili za uzi zilizokwishapangwa.

"Amekuja mara ngapi?"

"Mara tatu tangu mwaka uanze. Nilimrudisha zote tatu. Nilimwambia haupo."

"Na hiyo siku ni ipi?"

"Hajaniambia. Amesema atakupa mwenyewe."

"Aa." Fundi akageuka. Uso wake haukuwa na mchezo hata chembe. "Kwa hiyo ni bei. Nimtazame usoni ndipo nipewe kilicho changu. Mwambie hivi: nitakuja Jumanne kuchukua siku yangu. Yeye sitaki kumwona. Akitaka kuniwekea, aweke. Asipotaka, nimeishi bila hiyo."

Jumanne, Nukta alimpeleka fundi kwenye benchi la korido, kando ya madaftari yaliyofunguliwa kamba, akarudi dirisha namba tatu. Mama, aliyepigiwa simu aje tu bila kuambiwa zaidi, alikuwa ameshafika. Aliutazama mdomo wa Nukta tu.

"Alifika asubuhi, mama. Aliingizwa ndani akilia, ana afya. Ni mzima hadi leo." Mama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Ameomba siku yake. Kuonana hataki."

Hilo la mwisho Nukta alilisema hivyohivyo, bila kulipaka asali. Hakusema "kwa sasa", hakusema "huenda baadaye". Fundi hakuwa amemtuma hayo.

Mama aliinamisha kichwa, kilemba kikawa ndicho kinachoonekana peke yake.

"Nipe karatasi," mama akasema.

Akaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, akikinga maandishi kwa ule wa kulia. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena. "Nilisema nitampa mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimeiweka ili siku moja anihitaji kwa kitu. Mpelekee. Ni yake, mimi nilimtunzia tu."

Korido ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Fundi aliipokea karatasi, akaiweka kwenye kiganja kana kwamba anaipima uzito. Hakuifungua.

"Anaandika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

Fundi akautazama mkono wake mwenyewe, pale kidole gumba kilipofanya sugu kwa mikasi ya watu wa kulia. Akafungua kikopo chake cha pini, akaitia karatasi chini ya pini, akafunika.

"Ameondoka?"

"Yuko dirishani. Anangoja kujua kama umeipokea."

"Mwambie nimeipokea."

Nukta akasubiri kidogo. Hakikuja kingine. Bwana Wino, aliyekuwa akipekua Septemba ya mwaka mwingine, hakuinua kichwa.

"Ameipokea," Nukta akasema alipofika dirishani.

"Amesemaje tena?"

Maneno yakamjia tele, mazuri, ya kubembeleza: anashukuru, amelia kidogo, anahitaji muda. Yote yangeweza kuwa kweli. Nukta akayameza moja baada ya jingine, na hayakuwa matamu.

"Hajasema kingine, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akachukua mkoba wake, akasogea, lakini mlangoni hakufika. Akaketi kwenye benchi la wateja, mgongo umegusa ukuta, mikono juu ya mkoba, kama mtu ambaye zamu yake bado. Kutoka alipokaa Nukta, kwenye kiti ambacho kwa siku ya nne hakikuwa na mto wa fundi, aliweza kuona pande zote mbili za ukuta ule kupitia mlango ulioachwa wazi. Upande wa korido fundi naye hakuwa ameinuka. Kikopo cha pini kilikuwa mapajani, mkono wa kushoto juu ya kifuniko.

Foleni ilikuwa imefika nje. Nukta akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akamwita anayefuata, akamuuliza tarehe yake ya kuzaliwa. Kijana akaitaja.

"Una hakika?" akamuuliza. "Kama huna hakika, niambie. Kuna mahali pa kuandika hivyo."